Chai Yenye Majani na Chai Isiyo na Majani



Huku kwetu Shinyanga na Geita, mgeni akikaribishwa chai hajui bado ataletewa nini. Huenda ikawa chai ya rangi, ya maziwa, ya tangawizi au mchaichai mtupu. Vyote tunaviita chai. Kwa hakika chai ni majani ya mmea mmoja tu, ambao Wajerumani waliuleta nchini mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo unalimwa Lushoto, Mufindi na Rungwe. Hatuko peke yetu: Wakorea nao huita chai maji yaliyochemshwa na shayiri ya kukaanga, wakayanywa kutwa kama sisi tunavyokunywa maji ya mtungini.

Tofauti hii inagusa afya zenu. Majani ya chai yana tanini, ndiyo inayoacha ukakasi ulimini. Tanini hushikana tumboni na madini ya chuma yaliyomo katika maharage, mchicha na mtama, mengi yakapita bila mwili kuyachukua. Na bila chuma damu haitengenezeki. Mtoto ambaye malaria au minyoo ya safura imeshampunguzia damu, na msichana aliyekwisha balehe, hawana cha kupoteza hapo. Kwa hiyo maharage na chai ya rangi visiwe mlo mmoja. Acheni ipite saa moja hivi. Asiyeweza kusubiri akamulie ndimu, kwani vitamini C iliyomo husaidia mwili kukichukua chuma.

Kwenye machimbo mama lishe huchemsha chai nzito kwa wanaoingia mashimoni usiku, maana kafeini hufukuza usingizi. Mtu mzima ana kazi yake. Lakini mwanafunzi anayeinywa ili akeshe, kisha asubuhi akaja darasani na chai kavu yenye sukari tele, huyo namwona kila mwaka: ikifika saa nne kichwa kimeinamia juzuu.

Usiku bora mchaichai au tangawizi, ambavyo havina kafeini. Tangawizi ndiyo zanjabili iliyotajwa katika Surat al-Insan, aya ya 17, kuwa imo katika kinywaji cha watu wema Peponi. Iponde, uichemshe dakika kumi. Mchaichai hutaka majani machache tu ya uani, na ukiwa na matobolwa pembeni sukari huihitaji, utamu wa kiazi unatosha.