Seva ya Kwanza Ukiwa Kianda: Lipia Hiki, Kile Acha

Kijana wa Kianda, Kibera, akitangaza kwamba anataka kujifunza mambo ya seva, washauri hawakosi. Mmoja atamtuma chuoni, mwingine atamhimiza alipie nafasi ya tovuti mwezi huu huu. Mimi ningemuuliza kwanza betri ya laptopu yake inakaa saa ngapi.

Lakini tuanze na kazi yenyewe. Chukua chama cha watu 20 kinachotaka ukurasa ambapo kila mwanachama anaona amechanga kiasi gani. Rangi, vitufe na jedwali analoliona kwenye simu yake ni upande wa kivinjari. Daftari lenyewe, na mkono unaoandika humo, viko upande wa seva. Mwekahazina haachi daftari na kalamu pale mezani kisha akaenda zake. Ukihifadhi salio ndani ya kivinjari, mwanachama mwenye ujuzi kidogo tu ataigeuza 500 iwe 5,000 akiwa amelala kitandani. Kwa hiyo seva hupokea ombi, huuliza wewe ni nani, hutazama hifadhidata, ndipo hujibu. Anayeanza akishaushika mzunguko huo, kilichobaki ni kuchagua lugha ya kuuandikia.

Na mzunguko wote unaweza kuzunguka ndani ya laptopu yako, bila bando. Wengi hupoteza pesa hapa, wakidhani seva lazima iwe Ulaya. Anwani ya 127.0.0.1, yaani localhost, ni kompyuta inajiita yenyewe na kujiitikia. PHP ina seva ndogo tumboni tangu toleo la 5.4 la mwaka 2012. Unaiwasha kwa kuandika php -S localhost:8000. Python huja na SQLite, hifadhidata ambayo ni faili moja tu kwenye diski. Unapakua siku moja, unafanya mazoezi miezi mitatu.

Siku hiyo ya kupakua ipange. Kisakinishi cha Python ni kama MB 30, kihariri cha Visual Studio Code kama MB 100, na XAMPP, inayokupa PHP na hifadhidata kwa mpigo mmoja, ni kama MB 150. Bando la saa moja la GB 1, lile la shilingi kama 20, linayabeba yote na kubakisha. Node.js nayo ni ndogo ukiiangalia mlangoni, ila miradi yake hupenda kuita vifurushi vya watu wengine, folda ya node_modules ikanenepa hadi mamia ya MB. Kwa mtu anayenunua data kwa saa, hiyo ni sababu tosha ya kuanza na PHP au Python, hata marafiki wakicheka kwamba PHP ni ya wazee. Wikipedia inaendeshwa kwa PHP. Ushahidi, jukwaa la kuweka taarifa za raia kwenye ramani lililozaliwa katika ghasia za baada ya uchaguzi mwaka 2008, toleo lake la pili liliandikwa kwa PHP, na jukwaa hilo ndilo lililobeba tovuti ya habari za mtaa ya Voice of Kibera baada ya vijana wa mitaa hii kujichorea ramani yao mwaka 2009. Wacheke tu. Na kabla ya kuwasha bando, iweke Windows ijue kwamba data inalipiwa kwa kipimo. La sivyo masasisho yake yatakutangulia mezani.

Sasa betri. Laptopu za mitumba, zile wauzaji wa mjini huziita ex-UK, ndizo chaguo la busara: ThinkPad au EliteBook ya miaka kadhaa, yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, huangukia kati ya shilingi 15,000 na 25,000 kutegemea hali yake na ulimi wako. Usilipie prosesa ya kifahari. Kazi ya seva ya anayeanza ni nyepesi. Kivinjari chenye vichupo 20 ndicho kitakachokuchosha. Lipia betri. Stima ya mtaani hupotea saa ile ile umeanza kuelewa, na laptopu inayozimika pindi waya unapochomolewa si laptopu, ni kompyuta ya mezani iliyokonda. Muombe muuzaji aichomoe mbele yako, muongee dakika 30, ndipo utazame asilimia. Simu ya Android yenye programu ya Termux huweza kuendesha Python na PHP, na nimeona watu wakianzia hapo. Inafaa kwa kuonja, lakini ukiandika mistari 200 kwa kidole gumba utaichukia kazi hii bila kosa lake.

Saiba inafaa kwa kupakua na kuchapisha. Kwa kujifunza ni ghali kuliko inavyoonekana, kwani ukiinuka mashine inafutwa, kesho unaanza upya. Ukiwa na majirani watatu wenye nia moja, fikirieni intaneti ya nyumbani. Kampuni ya Poa, iliyolenga mitaa kama Kibera na Kawangware, ilijipatia jina kwa huduma isiyo na kikomo ya shilingi kama 1,500 kwa mwezi. Mkigawana wanne, kila mmoja anatoa 375.

Kwenye mafunzo pengo la bei ni kubwa mno. CS50 ya Harvard, freeCodeCamp na The Odin Project ni bure. Shule kama Moringa ya Ngong Road hutoza ada inayovuka laki moja. Unacholipia huko si somo, maana somo lenyewe limejaa bure. Unalipia mwalimu wa kukusukuma, wenzako wa darasa, na mlango wa kazi. Vitu hivyo vina thamani, lakini si kwa mtu ambaye hajajua kama anaipenda kazi yenyewe. Hapa hapa Kibera kuna Tunapanda Institute, inayofundisha vijana teknolojia, usanifu na biashara, na iliyojenga mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya mtaa. Ningebisha hodi huko kabla ya kuchukua mkopo.

Ukurasa wa chama ukikamilika kwenye laptopu, ndipo unauhamisha uonekane na wengine, na ndipo kodi inaanza. Mkaazi wa Kianda ataelewa haraka. Upangishaji wa pamoja ni chumba ndani ya ploti: bomba moja, choo kimoja, jirani akifungulia maji kwako yanapungua. Kampuni za hapa huanzia shilingi 2,000 au 3,000 hivi kwa mwaka, unalipa kwa M-Pesa, na PHP inakaa humo kama kwao. Seva ya kukodi yako peke yako ni chumba chenye mita yake. Ndogo kabisa ya DigitalOcean ni dola 4 kwa mwezi, RAM ya MB 512. Dola ikiwa 129, hiyo ni shilingi 6,192 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipogonga 160, ingekuwa 7,680 kwa seva ile ile. Utahitaji kadi, ingawa kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay hutosha. Halafu keyateka ni wewe. Wadukuzi wakija usiku, hakuna wa kuamshwa mwingine.

Za bure zipo pia. Heroku iliyolea wanafunzi wengi ilifunga mpango wake wa bure Novemba 2022. Render bado inao, ila programu isipotembelewa kwa dakika 15 inalala, na kuiamsha huchukua karibu dakika nzima. Kwa kumwonyesha rafiki, sawa. Kwa chama kinachopokea michango, hapana. Daraja ya Safaricom, mlango unaounganisha programu yako na M-Pesa, ikimaliza malipo hutuma taarifa kwenye anwani yako, ambayo lazima iwe ya https na iwe macho. Seva ikiwa imelala, pesa imeingia lakini daftari halijui, na wewe ndiye utakayeelezea kikaoni. Majaribio ya Daraja ni bure, kwa namba ya mfano 174379, kwa hiyo usiharakishe kutafuta paybill.

Kwa hiyo mimi ningepanga chumba cha ploti, yaani upangishaji wa pamoja, kwa mwaka mmoja. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili. Kwanza bei ya mwaka wa pili. Mimi niliwahi kuvutwa na ofa, na wa pili ukaja karibu mara tatu. Pili, cheti cha https: anayekuuzia kile cha kawaida anakuuzia maji ya mvua, kwa kuwa Let's Encrypt hukitoa bure, na kinaweza kujihuisha chenyewe.

Jina la .co.ke ni kama shilingi 1,000 kwa mwaka. Lisajili kwa barua pepe ya chama, yenye nywila wanayoijua katibu na mwekahazina, si kwa barua pepe ya kijana aliyeujenga ukurasa. Vijana wa kompyuta huhama Kianda wakipata kazi.