Mwamba ukiishiwa gesi, pango ni la nani?

Mkoani Mtwara, kuanzia Naliendele, nyumbani kwa kituo cha utafiti wa korosho, hadi Msimbati kwenye visima vya gesi, mkulima akisikia fidia huhesabu mikorosho yake. Mthamini naye huhesabu hivyo hivyo: miti, nyumba, kisima cha maji. Gesi haiingii kwenye hesabu, kwani ni mali ya taifa, na Sheria ya Petroli ya 2015 imelisema hilo wazi. Waliopinga bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam mwaka 2013 walikuwa wakidai fungu katika kitu hicho hasa.

Lakini gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, itakwisha, na mwamba ulioitunza unaweza kupokea hewa ukaa ya viwandani. North Dakota, Marekani, iliamua kwa sheria mwaka 2009 kwamba nafasi iliyomo mwambani ni ya mwenye ardhi ya juu. Anayetaka kuitumia humlipa. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitaja ardhi kuwa ni uso wa dunia na kilicho chini yake, isipokuwa madini na petroli. Mwamba uliokwisha kutolewa gesi si kimojawapo. Wakili mkali ataanzia hapo, na serikali itamjibu kwamba ardhi yote ni ya umma.

Tuseme mkulima ameshinda na analipwa kwa ajili ya mwamba wake. Mamlaka ya Mapato (TRA) itauliza: fedha hizi ni za nini? Zikiitwa pango, kuna kodi ya zuio ya asilimia 10. Zikiitwa malipo ya kupunguza hewa ukaa kulikothibitishwa, zuio lililoanza 2024 ni asilimia 10 vilevile. Zikihesabiwa kuwa mauzo ya haki katika ardhi, ni asilimia 10 tena, ila safari hii ya faida tu. Na shamba lenye thamani chini ya shilingi milioni 10, lililolimwa walau miaka miwili kati ya mitatu iliyotangulia, halitozwi kabisa. Kwa mwenye ekari chache za mikorosho, neno moja la mkataba lina uzito kuliko kiwango cha kodi, na anayeuandika mkataba kwa kawaida ni kampuni.

Kenya imepita njia nyingine: sheria yake ya 2023 inaitaka miradi ya kaboni inayotumia ardhi ya umma au ya jamii iwape wanajamii walau asilimia 40 ya mapato kila mwaka, baada ya kutoa gharama.