Hodi ya Mgeni Arudiye

Katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia milima ya Kasulu inayotazamana na Burundi hata kufikia Kibondo, nyumba za wakulima zimetawanyika miongoni mwa migomba, mihogo na maharagwe, na aghalabu nyumba iliyo fukara kuliko zote ndiyo iliyo mbali kuliko zote na barabara, mbali na kisima, na mbali na zahanati. Mtu atakaye kufahamu kwa nini miaka hii wahudumu wanatumwa kubisha hodi majumbani mwa wazazi wenye watoto wachanga, badala ya kuwangojea wazazi hao waje wenyewe, na aanzie hapo, kwenye umbali. Kwa maana zahanati humpokea ajaye, na yule asiyekuja, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye dhiki kubwa zaidi, hajulikani hata jina mpaka siku atakapoletwa akiwa mahututi.

Umbali huo haukuletwa na milima peke yake. Katika zama za Waingereza, Kasulu na Kibondo zilihesabiwa na wenye mashamba ya mkonge kuwa ghala la vibarua. Na baada ya kuundwa SILABU mwaka 1944, ofisi ya wenye mashamba hao ya kuandikisha watu wa kazi, vijana wa Kiha, kabila la wenyeji wa huko, waliandikwa kwa maelfu, wakapelekwa Tanga na Morogoro kuwa manamba, na nyumbani wakabaki wanawake, wazee na watoto. Mkonge ulianguka, lakini desturi ya mwanamume kwenda mbali kutafuta riziki haikuanguka nao. Ilipokuja Operesheni Kigoma mwaka 1972, watu wakahamishiwa vijijini ili, pamoja na makusudio mengine, huduma ziwafikie kwa wepesi, shule na zahanati zilijengwa, na jambo hilo hatuna budi kulikiri, ijapokuwa kuhamishwa kwenyewe kuliwaumiza wengi. Hata hivyo kijiji kina vitongoji, na kitongoji kina nyumba ya mwisho, na katika nyumba hiyo ya mwisho mhudumu wa leo humkuta mara nyingi bibi aliyeachiwa wajukuu, au binti wa miaka minane aliyembeba mdogo wake mgongoni, baba akiwa safarini na mama akiwa shambani.

Ziara yenyewe, ikifanywa inavyostahili, haina kishindo. Mhudumu, ambaye ni mwenyeji wa kitongoji kile kile, hufika kwa baiskeli au kwa miguu wakati wa alasiri, watu wakisharudi kutoka shambani. Hupiga hodi, husalimu kwa taadhima na kwa urefu, kama Waha wapendavyo kusalimiana, hukaa pale anapokaribishwa, hata ikiwa ni juu ya kinu kilicholazwa, wala hatoi karatasi yoyote mpaka habari za nyumba zimekwisha kuulizwa na kujibiwa. Kisha huomba kadi ya kliniki, hutazama uzito na chanjo, huzungusha ule utepe wenye rangi tatu katika mkono wa mtoto aone kama utaishia kwenye kijani, njano au nyekundu, na huuliza uji wa leo umetiwa nini. Mpaka hapo hakuna jambo ambalo nesi wa zahanati hangeweza kulifanya. Lililo geni ni lile lifuatalo, yaani mchezo.

Mfano wa mazungumzo yake ni huu. Mhudumu humwambia mwenye nyumba: "Bibi, mjukuu wako anapokuonyesha kuku kwa kidole, wewe humwambia nini?" Na bibi, akicheka, humjibu: "Mwanangu, mtoto asiyejua kusema nitamwambia nini?" Jibu hilo si la ujinga, kwa sababu vizazi na vizazi vimelelewa kwa mapenzi makubwa bila ya mtu mzima kukaa akazungumza na kitoto kichanga kana kwamba ni mwenzake, na katika nyumba yenye watu wengi, wenye kuimba, kubishana na kutaniana kutwa nzima, mtoto alijiokotea maneno mwenyewe. Lakini nyumba ya dhiki ina watu wachache na kimya kirefu, na wataalamu wa siha wametubainishia kwamba mtoto akifikia umri wa miaka mitatu, ubongo wake huwa umekwisha kufikia takriban asilimia 80 ya ukubwa wake wa utu uzima, na kwamba viungo vya ndani vya ubongo huo hushikamana kwa kadiri mtoto anavyotazamwa, kuitikiwa na kusemeshwa. Basi mhudumu huokota gunzi la mahindi akalivika kitambaa likawa mwanasesere, hufunga vifuniko vya chupa kwa uzi, hutia punje chache za maharagwe ndani ya kopo likawa kayamba (na kopo lizibwe barabara, kwani harage moja puani mwa mtoto ni safari ya kwenda hospitali ya Kabanga), halafu, na hii ndiyo siri ya kazi nzima, hampi mtoto, bali humpa bibi. Mhudumu akicheza yeye, mtoto amefurahi kwa robo saa, basi. Bibi akicheza, mtoto amepata mwalimu wa kila siku. Kabla ya kuondoka humsifu bibi kwa jambo moja alilolifanya vema, nalo liwe ni la kweli, na huagana naye siku ya kurudi.

Hapo msomaji mwenye insafu atauliza: watu hawana kitoweo, nanyi mnawapelekea magunzi yaliyovikwa nguo? Ni swali la haki, na jibu lake lililo bora halikutoka kwetu bali Jamaika, katika mitaa ya kimaskini ya jiji la Kingston, ambako katika miaka ya 1986 na 1987 daktari Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwachagua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, wakawagawa makundi manne. Kundi moja lilipewa maziwa ya unga kila juma. La pili likatembelewa nyumbani saa moja kila juma na wanawake wa kawaida wa huduma za afya za mtaani, waliokuja na michezo na mazungumzo. La tatu likapata yote mawili. La nne likabaki na huduma za kawaida tu. Baada ya miaka miwili maziwa yalisaidia na ziara zilisaidia. Lakini watoto walipokua faida ya maziwa katika akili ilififia, na ile ya ziara ikabaki, hata ikawa, walipopimwa wakiwa watu wazima yapata miaka 20 baadaye, wale waliotembelewa walikuwa wakipata ujira mkubwa kuliko wenzao kwa kadiri ya asilimia 25. Mimi sioni kuwa habari hii ni hoja ya kumnyima mtoto maziwa, na Mungu atuepushe na mtawala atakayeifasiri hivyo. Watoto 129 ni wachache, na Kingston si Kibondo. Naona tu kwamba imevunja ile itikadi ya kwamba maskini ashibishwe kwanza, ya akili yatafuata baadaye. Tanabahi pia kwamba wanawake wale wa Kingston hawakuwa wauguzi waliosomea uuguzi, na kwamba walirudi, kila juma, kwa miaka miwili.

Kwetu Tanzania jambo la kumfuata mtoto nyumbani si geni kama linavyodhaniwa. Mkoani Iringa, tangu mwishoni mwa mwaka 1983, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani na kwa fedha za Italia, wanakijiji walikutana kuwapima watoto wao uzito hadharani, na wahudumu wa afya wa vijiji wakawafuata majumbani wale waliopungua. Katika muda wa miaka mitano utapiamlo mkali miongoni mwa watoto wa vijiji vile ulishuka kutoka yapata asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2. Kisha wahudumu wale waliachiwa serikali za vijiji ziwalipe, na serikali ya kijiji, maadamu haina kitu, hulipa kwa ahadi. Katika miaka ya 2010 yalianzishwa mafunzo ya mwaka mmoja ya wahudumu wa jamii. Wengi walihitimu, wakapewa vyeti, wakarudi nyumbani bila ajira.

Ndiyo maana habari za miaka ya karibuni nazisoma kwa furaha iliyochanganyika na hadhari. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, kwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2012, huzipa kaya fukara ruzuku na kuzitaka, pamoja na mengine, zimpeleke mtoto kliniki. Mnamo Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhudumia mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na iliyoweka bayana kwamba mtoto ana haja tano zisizotengana: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Na tarehe 31 Januari 2024, Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, ambaye ni mwenyeji wa Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu, alizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika muda wa miaka mitano, mwanamke na mwanamume kwa kila kitongoji na mtaa. Kliniki humwona mtoto kwa dakika chache akiwa amevishwa nguo zake nzuri. Mhudumu wa kitongoji huiona nyumba, na humwona anayemlea.

Hadhari yangu ni juu ya kurudi. Katika kambi za wakimbizi za nchi hii hii, Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta na Mtendeli zilizofunguliwa upya Warundi walipomiminika kuanzia mwaka 2015, kazi ya kupita nyumba kwa nyumba ilifanywa na wakimbizi wenyewe kwa posho ndogo, na ilifanyika vema kwa sababu mhudumu alikuwa jirani, akisema lugha ya wenzake, kama vile Kirundi, ambacho hata Muha wa kijiji cha pili hukisikia bila mkalimani. Lakini posho ile ilitoka kwa wafadhili, na fedha za wafadhili zina msimu kama mvua. Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, mwaka 2025, ziara nyingi za namna hii katika Afrika zilikoma kwa agizo la siku moja, na bibi aliyeagwa kwa ahadi ya juma lijalo hakuambiwa na mtu sababu ya mgeni wake kutorudi. Nathubutu kusema kwamba mgeni anayekuja mara mbili akatoweka ni heri asingekuja, kwani amemfunza maskini kutoamini hodi.

Kuna na vizuizi vidogo, ambavyo katika ofisi havionekani. Masika hapa huviharibu vijia vya vilimani kwa miezi mingi, na ndiyo miezi ya kazi ya shamba, mama akitoka alfajiri na kurudi amechoka asitake maneno. Mhudumu huongezewa fomu kila mwaka, za chanjo, za malaria, za kifua kikuu, hata ziara ikageuka kuwa mahojiano. Wapo wazazi wanaomdhania kuwa mpelelezi wa TASAF aliyetumwa kuchungulia kama wana bati jipya, na hao huficha mbuzi na kukunja uso. Dhana hiyo haiondolewi kwa hotuba bali kwa miezi. Na wapo akina baba, ambao wakiwapo nyumbani hudhani habari za mtoto mchanga ni za wanawake. Hapo ndipo mhudumu mwanamume anapofaa, maana huweza kuketi na baba mwenzake chini ya mwembe, wakaongea bei ya maharagwe kwanza, kisha wakafika kwa mtoto.

Kwa hiyo, wahudumu wawili katika kitongoji kizima hawawezi kuzizungukia nyumba zote kwa namna ya Kingston, na rai yangu ni kwamba wasilazimishwe. Afadhali nyumba kumi zilizo fukara kabisa zenye watoto wa chini ya miaka miwili zitembelewe kila baada ya majuma mawili mpaka watoto hao watembee na kusema, kuliko nyumba mia kuandikwa daftarini kwa ziara moja ya mwaka. Atauliza mtu, ni nani atakayezichagua hizo kumi? Orodha ya kaya maskini ipo, imeanzia katika mkutano wa kijiji, na kila mtu wa Kasulu na Kibondo anajua ugomvi uliotokea siku iliposomwa. Ugomvi huo utarudi, na mwenyekiti wa kitongoji atalaumiwa tena kwa kumweka shangazi yake. Lakini ugomvi wa hadharani hutengenezeka, na jina lililosahauliwa huweza kutajwa na jirani, almuradi mkutano uitishwe kabla ya msimu wa kulima, watu wakiwa na nafasi ya kusikilizana.