BARIDI SI HEWA MPYA: Tutunze vema klimatizeri ya nyumba

Ndugu mfanya kazi, na wewe mama wa nyumba,

Mwezi wa kumi ukifika, kabla mvua haijanyesha sawasawa, jua la Lubumbashi, Likasi na Kolwezi linachoma kabisa. Zamani klimatizeri ilikuwa kitu cha ofisi na cha nyumba za wakubwa. Siku hizi tunaiona katika nyumba nyingi za wafanya kazi. Hilo si jambo baya. Mtu wa zamu ya usiku anapaswa kulala mchana, na katika joto kali usingizi haumfikii. Asiyelala vizuri anarudi kazini na kichwa kizito, na kichwa kizito ni mlango wa ajali.

Lakini mashini yoyote isiyotunzwa inamgeukia mwenyewe. Basi leo tuzungumze juu ya mashini hiyo: namna inavyofanya kazi, namna ya kuisafisha, na hatari inayofichwa na baridi yake.

INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Wengi wanafikiri kwamba klimatizeri inavuta hewa mpya kutoka nje na kuiingiza chumbani. Sivyo. Ile ya vipande viwili, kimoja ukutani ndani na kingine nje, inavuta hewa ya chumba, inaipoza na kuirudisha chumbani. Kati ya vile vipande viwili inapita gazi tu ndani ya tiyo za shaba. Gazi hiyo inachukua joto la ndani na kulitupa nje. Hewa mnayopumua ni ile ile.

Ninyi mnaoshuka chini ya ardhi, kama kule Kipushi, mnajua neno hili kuliko mimi. Kule chini, vantilatere kubwa zinaleta hewa mpya na kuondoa ile chafu. Zikisimama, watu wanatolewa. Hakuna mkubwa wa kazi atakayesema: "Bakini, kwani kuna baridi." Basi sheria unayoishika kazini, sababu gani unaisahau nyumbani?

HATARI YA KWANZA: MOSHI USIOONEKANA

Chumba chenye klimatizeri kinafungwa vizuri. Madirisha yanafungwa, na chini ya mlango wanaweka kitambaa. Umeme unapokatika, jamaa wanawasha grupu karibu na dirisha au katika veranda. Au mama anaingiza mbabula ya makala ndani ili amalize kupika. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya usiku inapokuwa kali, wengine wanalala na mbabula katika chumba kile kile kilichofungwa.

Makala yanayowaka na grupu inayozunguka vinatoa gazi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia katika damu inashika mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu kupita oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inakosa nguvu. Aliyelala hasikii kitu; anaweza kufa bila kuamka. Klimatizeri haitaondoa gazi hiyo, inaizungusha tu.

Basi shikeni haya:
– Mbabula isiingie kamwe katika chumba cha kulala, hata kama makala yamekuwa mekundu na hayatoi moshi tena.
– Grupu ikae nje, mbali na madirisha na milango, yenu na ya jirani. Veranda si nje.
– Watu wawili wa nyumba moja wakiumwa kichwa saa ile ile, msiseme ni malaria. Fungueni, tokeni wote, kisha mje hospitali.
– Mkimkuta mtu amezimia, fungueni milango kwanza, mtoeni kwenye hewa safi, mleteni upesi. Msimpe maziwa wala mafuta ya ngazi. Dawa yake ni oksijeni, na aliyezimia akipewa kitu kwa kinywa anaweza kupaliwa na kufa.

HATARI YA PILI: KIKOHOZI

Kifua kikuu kinapita katika hewa. Mgonjwa akikohoa katika chumba kilichofungwa, vijidudu vinabaki hewani, na wote wanavivuta. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika vumbi la mawe na kupata silikosi anashikwa na kifua kikuu kwa upesi kuliko mwingine. Kwa hiyo kila siku, asubuhi na jioni, zimeni mashini na kufungua madirisha mawili yanayoelekeana ili hewa ipite. Robo saa ni kitu kidogo. Na anayekohoa wiki mbili au zaidi aje dispansere tupime makohozi yake. Kifua kikuu cha kawaida kinapona kwa dawa za miezi 6, ikiwa mgonjwa hakatishi.

KUSAFISHA FILTRI

Ndani ya kipande cha ukutani mna filtri, wavu mwembamba unaoshika vumbi. Wakati wa vumbi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi, isafisheni kila wiki mbili. Wakati wa mvua, mara moja kwa mwezi inatosha. Fanyeni hivi:

1. Kateni umeme wote wa mashini, si kwa telekomande tu.
2. Toeni filtri polepole, mkijifunga kitambaa puani na kinywani.
3. Msiipige wala kuipangusa kavu. Mnakumbuka sababu gani wanatoboa mwamba kwa maji? Kwa sababu vumbi lililoloweshwa haliruki. Ioshe nje, kwa maji na sabuni kidogo, mbali na watoto na vyakula.
4. Ianikeni kivulini. Jua kali linakunja plastiki.
5. Irudishwe ikiwa kavu kabisa. Ikiwa na maji, inaota ukungu wenye harufu mbaya, na mwenye pumu ataumia.

Filtri inashika vumbi kubwa. Vumbi jembamba sana, lile linalofika chini kabisa ya mapafu, linapita. Kwa hiyo msiitegemee kusafisha uchafu wa kazi. Ogeni na kubadili nguo kazini. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na nguo za mtoto.

MAJI YANAYODONDOKA

Klimatizeri inatoa maji kutoka unyevu wa hewa. Tiyo yake ikiziba, maji yanashuka ukutani na kufika penye umeme. Yakidondoka nje katika ndoo, kopo au shimo, mbu wanapata mahali pa kutaga. Yai la mbu linaweza kuwa mbu kamili katika siku 7 mpaka 14 hivi. Mwageni maji hayo kila siku, wala msiyanywe, kwani yamepita juu ya vumbi na chuma. Yanafaa kwa kuosha sakafu. Tena, baridi haiui mbu: laleni ndani ya mustikere hata kama mashini inazunguka.

UMEME NA GAZI

Mashini ya BTU 12.000 inakula wati 1.000 hivi. Iwe na waya wake peke yake, usiopungua milimita za mraba 2,5, pamoja na waya wa ardhi na kifaa chake cha kukata umeme. Msiiunganishe na waya wa taa. Na fizibu ikiungua, msitie waya wa shaba mahali pake! Shaba ni mali ya nchi yetu, lakini fizibu iliwekwa iungue ili nyumba isiungue.

Umeme ukikatika, zimeni mashini. Ukirudi, ngojeni dakika 5 kabla ya kuiwasha, kwani kompreseri inayoanza upesi inaharibika, na umeme unaorudi mara nyingine unakuja na nguvu zisizo sawa.

Jambo la mwisho ni juu ya fedha zenu. Gazi ya klimatizeri haiishi kama makala. Ikipungua, kuna tundu. Fundi anayesema kila mwaka "gazi imeisha, tuongeze" pasipo kutafuta tundu, anakula mshahara wako. Mwite anayejua kazi, na usifungue kipande cha nje mwenyewe: ndani mna kondansateri inayobaki na umeme hata baada ya kuukata.

BARIDI YA KIASI

Digri 24 mpaka 26 zinatosha. Pepo isipige moja kwa moja juu ya mtoto mchanga wala mzee. Atokaye kazini akiwa na jasho akauke kwanza na kunywa maji.

Ndugu, mashini ya kazini ina ratiba yake ya kutunzwa na mtu wa kuangalia. Kwa ile ya nyumbani, mtu huyo ni wewe. Chagueni siku ya kuosha filtri na kuiandika ukutani, waonyesheni watoto wakubwa namna ya kuzima umeme, na jioni hii, kabla ya kulala, tazameni mahali mbabula ilipowekwa. Kinga ni bora kuliko dawa.