Neno Jekundu Ndani ya Kisanduku

Sogeeni karibu na meza, watoto, muione skrini vizuri. Tuko Nakivale, wilaya ya Isingiro, makazi yanayopokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950: Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Tuseme mama yenu ana duka pale Base Camp. Mzigo unatoka Mbarara kwa gari, na dada yenu mkubwa ndiye mwandishi wa hesabu, anatumia Excel. Kwenye kisanduku kimoja kaandika: Mchele kilo 25 DENI. Mama anataka neno DENI liwe jekundu na maneno mengine yabaki meusi, ili akitupa jicho tu ajue ni mzigo gani bado anadaiwa.

Kwa mkono ni kazi ndogo. Unabofya kisanduku mara mbili, unaburuta kipanya juu ya neno, unachagua rangi. Lakini mistari ikifika mia tatu, mkono utachoka. Dada akajaribu kuweka kanuni ya rangi, ambayo Excel huitumia kupaka yenyewe, isemayo: kisanduku chenye DENI kiwe na maandishi mekundu. Kanuni ikatii, ila mchele na kilo zake navyo vikawa vyekundu, kwa sababu kanuni hiyo hushika kisanduku kizima.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye utamu. Kompyuta huziona herufi zimepangana kama watu kwenye foleni ya bombani, kila mmoja na namba yake. Hesabuni nami: M ni ya 1, c ya 2, h ya 3… Nafasi tupu nayo inahesabiwa, msiiruke! Mtafika D ikiwa ya 16. Kwa hiyo dada anaandika makro, yaani programu fupi ndani ya Excel, inayoagiza: anzia herufi ya 16, chukua herufi 4, zitie nyekundu.

Mstari unaofuata ni Maharage kilo 10 DENI. Hesabuni tena. D imehamia namba 18! Ndiyo maana makro hulitafuta neno kwanza kwenye kila mstari, ikapata namba yake, kisha ikapaka. Isipolikuta hupewa sifuri, na dada lazima aiambie iuruke mstari huo. Na muwe waangalifu: ikiagizwa kutafuta DENI, nanyi mmeandika Deni, kwa kawaida italipita bila kuliona. Kwenye Google Sheets kazi hii hii inawezekana, lakini huko hesabu huanzia sifuri, hivyo D ya mchele ni ya 15.

Kuna mahali makro hii haifui dafu: kisanduku chenye fomula. Maandishi yaliyoletwa na fomula huvaa rangi moja tu.

Mimi ningemshauri dada afungue safu mpya ya madeni, aandike humo kiasi cha shilingi zinazodaiwa. Kanuni ya rangi kama ile ya kwanza, ila safari hii ikiagizwa kupaka kiasi kinachozidi sifuri, itapaka safu hiyo bila makro yoyote, na jumla ya madeni itapatikana papo hapo. Makro aiachie safu ya maelezo, anakoandika mambo kama gari limekwama njiani au gunia moja limelowa, na mama anataka neno limelowa pekee limrukie machoni.