Jiwe la Mpaka wa Gisenyi Halikutoka Berlin

Kila mwaka tunapowapa wanafunzi zoezi la kutunga maneno ya kibao cha kihistoria cha kuwekwa kando ya barabara, wapo wanaochagua mpaka wa Gisenyi na Goma. Na karibu wote huanza hivi: "Mpaka huu uliwekwa mjini Berlin mwaka 1885." Sentensi ni fasaha, upatanisho wa ngeli umekaa sawa, lakini habari yenyewe si kweli. Kwa kuwa kosa hili hurudi hata katika tasnifu, tumeona tulieleze hapa.

Mkutano wa Berlin ulimalizika Februari 1885. Mwezi Agosti mwaka huohuo Mfalme Leopold II alitangaza mipaka ya Dola Huru ya Kongo. Upande wetu ulikuwa mstari wa rula tu: kutoka ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika hadi pale longitudo ya nyuzi 30 mashariki inapokutana na latitudo ya nyuzi 1 na dakika 20 kusini. Msomaji achukue ramani auchore mwenyewe. Ataona kwamba unapita mbali mashariki mwa Ziwa Kivu. Gisenyi na Ruhengeri zinaangukia Kongo, Kigali inabaki upande wa Wajerumani. Ufalme wa Kigeri Rwabugiri ulikatwa vipande viwili kwenye karatasi, naye akiendelea kuutawala wote.

Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen alipita Rwanda, akafika Ziwa Kivu na kupanda Nyiragongo. Kuanzia hapo Wajerumani walidai mpaka ufuate ziwa na volkano. Ubishi ulidumu zaidi ya miaka 10. Ndipo Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza zilipokutana Brussels na kutia saini mapatano tarehe 14 Mei 1910: mpaka upite ziwani, kisiwa cha Ijwi kiende Kongo, Gisenyi ibaki kwa Wajerumani, kisha mstari upande hadi mlima Hehu, Karisimbi na Sabyinyo. Mwami wa wakati huo, Yuhi Musinga, hakuwa miongoni mwa waliotia saini.

Sasa tuje kwenye mawe. Kati ya vilele vya volkano mlima wenyewe ni alama. Lakini kutoka ufuoni hadi Hehu hakuna mto wala safu ya milima ya kushika mstari. Ni uwanda wa mawe ya volkano, mashamba na, siku hizi, nyumba zilizobanana. Kwa hiyo tume ya Wajerumani na Wabelgiji ilibidi isimike alama, na hati yake ya kueleza kazi hiyo ilitiwa saini Goma tarehe 25 Juni 1911. Mwaka 1964, mjini Cairo, nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika ziliahidi kuheshimu mipaka iliyokuwapo zilipopata uhuru, na mstari huu ukabaki.

Kwamba jambo hili si la darasani tu, tulikumbushwa Juni 2014, askari wa nchi hizi mbili walipopigana kwenye kilima cha Kanyesheja, upande wa Busasamana, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwamba amevuka. Alama ikipotea shambani, anayelima hapo ndiye wa kwanza kujua hasara yake.

Neno pia linatushughulisha. Wanafunzi huandika "borne" kwa mazoea ya Kifaransa, wengine "kigingi", ingawa kigingi ni cha kupigiliwa na huweza kung'olewa kesho. Wapimaji ardhi wa Tanzania wana "bikoni". Sisi tunapendelea "jiwe la mpaka", kwa sababu mama anayevuka Petite Barrière na kapu la nyanya ataelewa bila kuuliza. Na hata neno "umupaka" katika Kinyarwanda tumelikopa Kiswahili. Letu la asili ni "urubibi", linalofaa hata baina ya shamba na shamba.

Kwa hiyo zoezi lijalo tungependa kusoma kibao cha namna hii: "Mpaka huu ulikubaliwa Brussels mwaka 1910 na Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza. Mawe yake yalisimikwa na tume ya Wajerumani na Wabelgiji, iliyotia saini hati yake Goma mwaka 1911. Wakazi wa pande zote mbili hawakuulizwa."