Mkanda wa Chuma Ndani ya Gari Lililotumika

Gari dogo lililoinuliwa kidogo kutoka ardhini, lenye umbo la jipu lakini lililoundwa kama gari la kawaida, limependwa na wafanyakazi wengi wa Afrika Mashariki. Aghalabu hutoka Japani. Huko, kama ilivyo Kenya, Uganda na Tanzania, magari hupita upande wa kushoto wa barabara, hivyo usukani hauhitaji kuhamishwa. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lenye umri unaozidi miaka 8. Lakini miaka hiyo inatosha kabisa kulichosha gari, na rangi inayong'aa haionyeshi uchovu huo. Mwalimu anayekopa katika chama cha akiba na mikopo huweza kumaliza kulipa deni baada ya gari lenyewe kwisha.

Sehemu inayostahili kuchunguzwa kwanza si injini, bali sanduku la gia. Katika mengi ya magari haya, mathalani Nissan Dualis na X-Trail nyingi zilizotengenezwa tangu 2007, sanduku hilo halina gia za ngazi. Ndani yake mna puli mbili, na kila puli ni koni mbili zilizoelekeana. Koni zikikaribiana, mkanda hupanda na kuzunguka duara kubwa; zikiachana, hushuka kwenye duara dogo. Mkanda wenyewe ni vipande vyembamba vya chuma, mamia kadhaa, vilivyoshikwa na pete za chuma, navyo husukumana badala ya kuvutana. Asili ya fikra hiyo ni Mholanzi Hub van Doorne, ambaye kampuni yake ya DAF ilionyesha mwaka 1958 gari lililoendeshwa kwa mikanda ya mpira.

Mwanafunzi wa fizikia ataona kitendawili hapa. Chuma hushika chuma ndani ya oili, na oili hiyohiyo yapaswa kulainisha bila kuuacha mkanda uteleze. Ndiyo sababu watengenezaji huagiza oili maalumu, na fundi anayetia oili ya gia otomatiki ya kawaida kwa kuwa ni rahisi huliharibu sanduku zima. Joto likizidi, oili huchakaa. Mkanda ukiteleza hukwangua uso wa puli; chembe za chuma huziba vali; shinikizo linalobana koni hupungua, na mkanda huteleza zaidi. Mwaka 2009 Nissan iliongeza dhamana ya masanduku ya aina hii katika magari yake yaliyouzwa Marekani, kutoka maili 60,000 hadi maili 120,000, yaani kilomita 193,000 hivi. Kampuni haichukui mzigo kama huo bila sababu.

Kwa kuwa adui ni joto, jaribio la dakika tano kuzunguka uwanja wa muuzaji halifichui lolote. Gari liendeshwe nusu saa, kisha lipandishwe mlima. Mkazi wa Iringa anao mlima Kitonga. Wa Tanga anayo barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto. Gari likitetemeka linapoanza kuondoka, likivuma kwa sauti inayopanda pamoja na mwendo, au likipoteza nguvu ghafla mlimani ingawa injini yazunguka vizuri, basi lina ugonjwa. Oili iliyopiga weusi na kunuka kuungua inathibitisha.

Rejeta nayo hupuuzwa mno. Maji ya bomba huleta kutu, na kutu huziba mirija. Mfuniko wa rejeta hushikilia shinikizo; likifikia mara mbili ya lile la hewa ya pwani, maji huchemka kwenye nyuzi 120 hivi za Sentigredi. Mfuniko ukilegea faida hiyo hupotea, na jijini Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Injini ikiwa baridi, rejeta ifunguliwe: maji ya rangi ya kutu ni dalili mbaya, na utando wa oili ndani yake ni mbaya zaidi.

Injini ya Toyota ya lita 2.4 iitwayo 2AZ-FE, iliyofungwa katika RAV4 kadhaa za miaka ya 2000, imejulikana kwa kunywa oili; kimo cha oili na moshi wa buluu vitazamwe. Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne litazamwe matairi: mapya mawili na makuukuu mawili yana mizingo tofauti, na tofauti hiyo huchosha kiungo kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma.

Mita ya kilomita si shahidi wa kutegemewa. Hati ya mnada wa Japani ni bora zaidi, maadamu namba yake ya chesisi yalingana na ya gari. Mwisho, fundi aisome kompyuta ya gari baada ya kushuka mlimani, wala si kabla, kwa maana hitilafu iliyofutwa asubuhi huandikwa upya sanduku likishapata moto.